Ukurasa wa Kumi na Nne

Mabatini, Mwanza
11 Februari 2024

Mwanangu Gladness,

Kama kuna mwanamke mwenye bahati kunizidi mimi, kuanzia hapa Mabatini mpaka ng'ambo ya ziwa, mlete nimwone, nimpishe kiti. Kisumu nimefika mara tatu na magunia ya dagaa, Kampala nimelala, Entebe nimeiona kwa macho haya. Wanawake nimewaona wa kila aina ya kitenge. Mwenye bahati yangu sijamwona. Chukua huyu mdogo wako Kija peke yake. Miaka kumi ananiita mayu, mama yake, ananiganda mgongoni kama kupe, na hajawahi hata siku moja kuniuliza swali la kunikosesha usingizi. Watoto wa wenzangu wanauliza: baba yuko wapi, kwa nini mimi sifanani na fulani. Wangu anakula andazi, anakwenda shule, anarudi, anacheka na ule mwanya wake. Ni mama gani mwingine aliyepewa mtoto asiye na maswali?

Haya, kaa vizuri sasa. Kitabu kimetoka! Yale madaftari uliyokuwa ukiyacheka, mashairi ya mama yako wa darasa la saba (na la saba lenyewe niliishia mwezi wa sita), yamekuwa kitabu kimoja chenye jalada la bluu. Nimechapisha pale stesheneri ya Mirongo, nakala mia. Jina lake NIMEZAA. Humo nimetia maisha yangu yote. Ng'ombe walioletwa kwa baba yangu nikiwa na miaka kumi na saba, nikawahesabu mwenyewe dirishani nikaona wanne wamekonda. Baba yako Elias alivyokwenda visiwani kuvua akavuliwa yeye, asirudi. Dagaa, maandazi, uchungu wa kuzaa, kila kitu. Tarehe nane mwezi ujao, Siku ya Wanawake, nitasoma mbele ya kata nzima. Mheshimiwa diwani ameniita "mshairi wetu". Mimi huyo!

Nakutumia nakala kwa mkono wa Shimba, yule mpakiaji wa meli, kwa sababu kitabu hakipiti kwenye simu. Muoneshe na mchumba wako Jonathan. Waambie kwao kwamba Pasaka wakija Kisesa kumalizia habari ya mahari kwa Baba Mkubwa Ngosha, watakuwa wanaongea na ukoo wa waandishi.

Mama yako mwenye bahati,
Rebeka


Bukoba
17 Februari 2024

Mama, shikamoo.

Kitabu nimekipata. Nilikifungua ofisi ya walimu, wenzangu wakiwa wamenizunguka, wote wanataka kumwona mama yangu mwandishi. Namshukuru Mungu nilifungua mwenyewe. Nilipofika ukurasa wa kumi na nne nilisema najisikia vibaya, nikaenda kusimama chooni.

Akarudi darasani, maziwa yanamvuja,
Akafunga kifuani, leso mbili kwa pamoja,
Nami huku Mabatini, namwambia mwana, Ngoja,
Mtoto kazaa mwana, bibi kaitwa mzazi.

Mama. Umeniandika maziwa.

Tulikubaliana nini? Wewe, mimi na Baba Mkubwa Ngosha, ndani ya nyumba yake Kisesa, mlango umefungwa? Kwamba Kija umemzaa wewe. Kwamba mimi nilikuwa mgonjwa miezi ile, nikapona, nikarudi kidato cha pili. Wewe ndiye uliyetuapisha. Uliniambia nikitamka hata kwa padri utanikana. Leo unanitamka wewe, nakala mia, na jalada la bluu juu yake.

Jonathan anajua Kija ni mdogo wangu. Mama yake, Mama Evelina, ni kiongozi wa akina mama kanisani na hakuna karatasi inayompita bila kusomwa, hata ya dawa. Matangazo ya ndoa yanaanza kusomwa Jumapili baada ya Pasaka.

Ondoa ukurasa huo kwenye kila nakala. Usiponiondolea, arusini usije. Na simu usinipigie, nimekufungia namba, kwa sababu najua ukinipigia utanichekesha, nami sitaki kucheka.

Gladness


Mabatini, Mwanza
22 Februari 2024

Gladness mwanangu,

Umenifungia namba! Haya, karatasi haina pa kufungia. Soma.

Kwanza umenukuu ubeti wa pili ukauacha wa kwanza, ambao ndio mzuri. Nakurudishia:

Nilibeba mto mimi, mwanangu kabeba mwana,
Majirani wenye ndimi, wakaja kuulizana,
Sara wa leo ni mimi, uzeeni nimevuna,
Mtoto kazaa mwana, bibi kaitwa mzazi.

Najua nimetia "mimi" mara mbili. Shairi ni langu, nimtie nani mwingine?

Unasema nimekuandika wewe. Mimi nimejiandika Rebeka. Ule mto wa sufi nani aliutembeza miezi mitano kwenye jua la Mabatini? Nani alikula udongo mbele ya mwenyekiti wa mtaa ili aamini, nikaumwa tumbo la kweli wiki nzima? Nilipoona tumbo limeshuka upande nikajikwaa makusudi, nikaingia kwa fundi cherehani kuongeza kamba. Watu wakanipa hongera, wakaniletea kuku. Nikamla kuku wa uzazi na sijazaa! Kampala kuna wachekeshaji wanalipwa kwa vichekesho vidogo kuliko hicho.

Na usiku ule ulipojifungua kwa Ngosha, nani alikushika miguu? Baba Mkubwa wako akasema mtoto aliyezaliwa kabla ng'ombe hawajaja ni wa nyumba ya babu yake, hana doa, apewe jina aingie ndani. Yeye hakuona aibu. Aibu tuliiogopa ya shule, maana enzi ile msichana akishika mimba geti linafungwa na hafunguliwi tena. Sasa hivi binti wa jirani yangu amejifungua Oktoba, Januari kavaa sketi yake karudi kidato cha tatu, mama yake anamsindikiza na mtoto mgongoni na wala hajifichi. Nikiwaona kila asubuhi nasema moyoni, Rebeka, ulifunga mto mwaka ambao haukuwa wako. Ungesubiri kidogo. Lakini mimba haisubiri serikali.

Ndiyo sababu nikaandika. Nilidhani umeshakuwa mwalimu, umeshakuwa mkubwa, dunia imegeuka, tunaweza kupumua.

Basi. Nimekuelewa. Mimi ni mama yako kabla sijawa mshairi wa diwani. Nitachana.

Rebeka


Mabatini, Mwanza
27 Februari 2024

Gladness,

Imekwisha. Nimekaa chini kuanzia asubuhi mpaka adhana ya alasiri, nimechana tisini na saba. Tatu hazipo: moja unayo, moja nimempa diwani akaniambia hasomi mashairi anasoma hotuba tu, ya tatu alichukua mchapishaji naye kaniapia kaifungia sandukuni. Nyuma ya ukurasa wako palikuwa na shairi la marehemu mama yangu, lile la kusaga mtama. Naye imebidi aondoke. Karatasi haina upande mmoja.

Zote nimezichoma jikoni. Moshi wake ulikuwa mweupe kama wa kumpata Papa. Kwa kuchana mimi ni bingwa, huwezi kujua kama kitabu kilikuwa na ukurasa huo, labda uhesabu.

Nifungulie namba.

Mama


Bukoba
3 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Asante. Nimelia nilipoisoma. Najua ulivyokipenda kitabu hicho. Samahani kwa maneno yangu ya barua ya kwanza.

Namba nitakufungulia baada ya arusi. Usikasirike. Nikiisikia sauti yako nakuwa msichana wa kidato cha pili, na hapa natakiwa niwe mtu mwingine.

Kuna jambo moja limebaki, nalo ni gumu, kwa hiyo naliandika haraka. Pasaka watakapokuja Kisesa, naomba Kija asiwepo. Mpeleke popote. Picha uliyonitumia Krismasi niliiangalia sana. Mwanya ni wangu. Namna anavyoinamisha shingo ni yangu. Mdogo wa mtu hufanana na dada yake, najua, lakini Mama Evelina amezaa saba na amezalisha wa watu wengi kuliko mkunga. Akituona tumekaa chumba kimoja atajua kabla chai haijapoa.

Siku moja tu, mama.

Gladness


Mabatini, Mwanza
12 Machi 2024

Gladness mwanangu,

Kaa chini. Hapana, simama, maana ukikaa utashindwa kuinuka.

Sikuzichoma.

Usiitupe barua, nieleze. Nilichana kweli, hilo Mungu shahidi. Nikaziweka karibu na jiko niwashe. Nikaziangalia: karatasi tisini na saba, safi, nzito, nimezitoa jashoni. Na siku hiyo magazeti ya kufungia maandazi yalikuwa yameisha. Unajua mimi na kutupa kitu hatukai nyumba moja. Nikajiambia: watu wanakula, wanafuta mikono, wanatupa. Nani husoma karatasi ya andazi? Mafuta yenyewe yatayafuta maandishi. Nikafungia.

Kumbe Mabatini nzima inasoma. Yakobo fundi viatu ndiye wa kwanza. Alikuwa ameshika andazi mkono huu na karatasi mkono huu, akapaza sauti barabara isikie:

"Rebeka! Hivi ule mto ulikuwa wa sufi au wa matambara?"

Nikamwambia, "Ulikuwa wa ngozi ya kiatu chako, ndiyo maana haukuisha." Watu wakacheka, nami nikacheka, nikadhani nimeizima. Moto wa namna hiyo hauzimwi kwa kicheko. Kufikia saa nne hata wapiga debe walikuwa wanaimba kile kituo cha shairi, mtoto kazaa mwana.

Hilo ningelimeza. Sikiliza la pili.

Jumatano iliyopita alikuja mama mmoja mgeni, kitenge cha njano, pochi nyeusi, mtu wa heshima. Akaagiza mawili na chai.

"Habari za biashara, mama?"

"Nzuri, dada yangu, karibu. Usiliogope benchi, limebeba wazito kukuzidi."

Akacheka vizuri tu. "Umekaa hapa siku nyingi?"

"Mimi? Kabla hawajaezeka."

"Na watoto unao?"

Mwanangu, unanijua. Mtu akiniuliza watoto ni kama kanifungulia maji. Nikamwambia ninao wawili, mkubwa mwalimu Bukoba, anaolewa na watu wenye migomba mpaka ziwani, mdogo yuko darasa la tano na anaongoza.

"Wameachana miaka mingi," akasema.

"Mungu akichelewa hajasahau!"

Akanitazama. Akasema moja limemshinda, nimfungie aondoke nalo. Nikamfungia mwenyewe, kwa mikono yangu hii, kwa karatasi ya kwanza niliyoigusa. Akaifungua ile karatasi, akaisoma taratibu, akaikunja mara nne akaitia kwenye pochi. Andazi akaliacha mezani.

Jana Ngosha kaja kutoka Kisesa. Anasema kuna mama wa Bukoba alipita kwake, kitenge cha njano, akajitambulisha. Alitumwa na ukoo kuja kimya kimya kuuliza habari za kwetu, kama wanavyofanya watu wenye akili kabla ya kutoa ng'ombe. Alikuwa Mama Evelina.

Siku ya Wanawake nilisoma lile la dagaa tu. Walipiga makofi. Nisamehe.

Mama


Bukoba
19 Machi 2024

Mama,

Nilikuwa nimeshayajua kabla Shimba hajaniletea barua yako.

Alhamisi Mama Evelina aliniita kwake baada ya kipindi cha jioni. Jonathan alikuwepo, na baba yake. Karatasi ilikuwa juu ya meza, ina duara la mafuta katikati, maandishi yanasomeka yote. Mafuta hayakufuta kitu, mama. Yamefanya karatasi iwe kama kioo, ya mama yako wa mtama yanaonekana kwa nyuma.

Jonathan aliniuliza swali moja tu. "Ni kweli?"

Unajua nilikuwa nimejiandaa miaka kumi kwa swali hilo? Nikiwa naoga, nikiwa nasahihisha madaftari, nilijifunza kusema, Ndiyo, ni wangu, nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

Nikasema, "Mama yangu ni mtu wa majigambo. Anatunga. Hajawahi kusema kitu kikawa kama kilivyo."

Baba yake alicheka akasema hata yeye ana shangazi wa hivyo. Jonathan alishusha pumzi, akanishika mkono. Anataka kuniamini, mama. Nimeona anavyotaka. Mama Evelina hakucheka. Alisema, "Basi mama yako aniandikie. Kwa jina lake na sahihi yake, kwamba huyo mtoto amemzaa yeye na haya maneno ameyabuni. Akiniandikia, mimi nimemaliza, na sitalirudia mpaka nakufa." Ni mwanamke wa neno lake. Akisema amemaliza, amemaliza.

Kwa hiyo nakuomba uandike. Umejisifu maisha yako yote bure, kwa wapita njia, kwa wanunuzi wa dagaa, kwa diwani. Jisifu mara moja na mimi nipate faida.

Na usitie mzaha ndani yake. Nina miaka ishirini na saba. Sina mwingine wa kunishika mkono.

Gladness


S.L.P. ya Kanisa, Mabatini
Mwanza
24 Machi 2024

Kwa Mama Evelina,
Bukoba.

YAH: SHAIRI LILILOKO UKURASA WA KUMI NA NNE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Natumaini hujambo na familia yako yote haijambo. Mimi ni Rebeka, mkazi wa Mabatini, mfanyabiashara wa maandazi. Ninakuandikia kukujulisha kwamba mtoto aitwaye Kija, mwenye umri wa miaka kumi, nilimzaa mimi mwenyewe. Binti yangu Gladness hajawahi kuzaa. Shairi ulilolisoma ni la kubuni. Washairi hubuni mambo ili watu wafurahi.

Gladness ni msichana mwenye tabia njema, anapenda watu na anasoma sana. Kija ni mdogo wake na anampenda kama dada yake.

Naomba umpokee vizuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Rebeka (sahihi)


Mabatini, Mwanza
24 Machi 2024

Gladness mwanangu,

Barua ya Mama Evelina nimeifunga ndani ya hii, haijagandishwa, uisome kwanza kisha umpelekee. Hakuna mzaha hata mmoja. Utaona imeandikwa vizuri, mistari imenyooka, na utajua kwamba ule si mwandiko wangu. Wewe ni mwalimu, utaujua ni mwandiko wa darasa la tano.

Nilijaribu mwenyewe siku tatu. Nilichana karatasi mpaka daftari likawa majalada matupu. Mimi niliyeandika kitabu kizima sikuweza kuandika mstari mmoja, "nilimzaa mimi". Kuusema nimeusema miaka kumi bila kupepesa, hata kwa mkunga wa zahanati. Kuuandika mkono ulikataa. Kija akanikuta nimeinamia meza. Akasoma barua yako yote, ilikuwa wazi pale, sikuwahi kuifunika. Akavuta kigoda, akasema, "Lete niandike mimi. Tumeshafundishwa barua rasmi. Wewe mwandiko wako hausomeki, wataona umekosea wakatae."

Nikamwambia, hujui unachoandika. Akasema, "Najua."

Hilo la tabia njema kaliongeza mwenyewe. La kusoma sana pia. Nilimwambia la "anampenda" si lazima, akaniambia liache. Alipofika kwenye "hajawahi kuzaa" alisimamisha kalamu akaniuliza kama "hajawahi" ni neno moja au mawili. Nikamwambia moja. Akaandika, akapuliza wino ukauke, akanipa nitie sahihi.

Pasaka hatakuwepo Kisesa, nitamwacha kwa mke wa Yakobo. Alikuwa amekubali. Baadaye aliniuliza kama akifumba mdomo siku nzima asioneshe mwanya, asicheke, akae jikoni na wapishi, anaweza kuja akuone tu ukipita na gauni. Nimemwambia hapana. Nimelitoa mwenyewe hilo neno, si wewe, ulale kwa amani.

Olewa. Mimi arusini nitakuja ukinialika, nitakaa nyuma, nitapiga vigelegele vya kuwashinda wote, na akiniuliza mtu nina watoto wangapi nitamjibu kama nilivyoandikiwa.

Lakini wewe siwezi kukuacha na ile barua yangu ya Februari. Nilikuringia kwamba nina mtoto ambaye hajawahi kuniuliza swali. Ulikuwa uongo. Aliikuta kadi yake ya kwanza ya kliniki, ile ya Kisesa, chini ya godoro mwezi wa kumi na mbili, ina jina lako mahali pa mama. Alinionesha, akauliza. Sikumjibu. Nikaenda kuandika shairi, nikalichapisha, nikalichana, nikalifungia maandazi, nikalikana, na mpaka leo mtoto hajajibiwa. Kila siku anauliza tena, asubuhi kabla hajavaa viatu, swali ni lilelile, kwa nini hukumtaka. Mimi sina bahati yoyote, Gladness. Nilisema uongo.

Mama yako,
Rebeka